Pombe ya Bibi na Chakula cha Bwana

Kuna harufu ambayo nikikutana nayo ghafla, husimama hapohapo. Ni harufu ya ndizi mbivu zilizochemshwa mpaka zikawa nyekundu, zikaachwa zilale, kisha zikachanganywa na uji wa ulezi. Mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa. Ni mbege, pombe ya kwetu.

Majuzi tulikuwa mjini, mtaa wa Kwa Mrombo, kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa rafiki yangu. Soda zikapita, nyama ikapita, halafu ikaletwa ndoo nyeupe yenye mfuniko. Mfuniko ulipofunuliwa tu, mabishano yakaanza mezani kwetu: Mkristo anywe pombe au asinywe? Mmoja akaleta habari za arusi ya Kana. Mwingine akamleta Timotheo na tumbo lake lililomsumbua. Wa tatu akasema wasisahau Nuhu alivyolala uchi mbele ya wanawe. Walikuwa wanacheka. Kisha wakanigeukia mimi: "Wewe ni mtoto wa mzee wa kanisa, hebu tuamulie." Nikasema simu yangu inaita, nikatoka nje. Haikuwa inaita. Nilisimama kando ya geti, mkono puani, nikamkumbuka Bibi.

Kwetu ni juu ya Nkoaranga, pale ambapo njia zinapanda mpaka unaweka mikono magotini. Nyumba yetu ya matofali ilikuwa mbele, nyumba ya Bibi ilikuwa nyuma, na katikati palikuwa na migomba yenye kahawa chini yake. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa letu dogo la huko mlimani. Bibi ndiye aliyemzaa Baba. Mdogo wangu alipozaliwa mimi nilihamishiwa kwa Bibi, na nilikaa kwake mpaka mwisho, kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe, ingawa mengi niliyaona vibaya, kama mtoto anavyoona.

Bibi alipika mbege na kuiuza. Siku ya kupika hatukuonana vizuri kwa moshi. Sufuria lilikuwa kubwa kiasi kwamba niliweza kukaa ndani, na niliwahi kukaa. Ndizi zilichemka tangu asubuhi hadi jua linapopinda, Bibi akizikoroga kwa mwiko mrefu kama jembe, kanga kiunoni, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisa huku anakoroga. Alizijua zote kwa kichwa, beti zote, na akisahau neno hakuruka, alisimama na mwiko hewani mpaka limrudie. Mimi niliruhusiwa kulamba mwiko kabla pombe haijachacha, wakati bado ni utamu mtupu. Baada ya hapo nilifukuzwa.

Wanywaji walikuja alasiri. Walikuwa wazee wa majirani, wamevaa makoti hata kukiwa na joto, wakikaa kwenye mabenchi chini ya paa la jiko na kupokezana kata moja ya kibuyu. Waliongea habari za ng'ombe, mifereji na watoto waliohamia mjini. Aliyefika tayari miguu haimtii, Bibi hakumpa. "Wewe rudi kwako, mama watoto anakusubiri," alimwambia, na mzee huyo aliondoka bila ubishi, kwa sababu hakuna aliyebishana na Bibi. Kabla ya kugawa kata ya kwanza aliinamisha kichwa na kumshukuru Mungu, kama anavyoshukuru kwa chakula. Mimi niliona ni jambo la kawaida kabisa.

Baba hakuwahi kukaa kwenye yale mabenchi. Akimtaka Bibi aliita kwa mbali, akiwa amesimama kwenye ukingo wa migomba, na Bibi alimfuata huko. Kwa kuwa nyuki walipenda sana lile sufuria, nilijua Baba anaogopa nyuki. Nilimwonea huruma. Siku moja nilimwambia, "Baba, njoo tu, nyuki wenyewe hawaumi," akanipapasa kichwa, akaenda zake.

Ni Mama aliyeniambia habari za Babu, tena baadaye sana. Babu alikuwa mlevi. Si kwa Bibi, maana wakati huo Bibi alikuwa hajaanza kuuza, bali huko na huko, popote penye kilabu. Usiku mmoja wa mvua na baridi hakurudi. Asubuhi Baba, akiwa kijana mdogo wa shule, alitumwa maji, akamkuta baba yake ndani ya mfereji amelala kifudifudi. Maji ya mfereji ule yalimfika mtu kwenye kifundo cha mguu. Baba alimvuta peke yake mpaka ukingoni, akamgeuza, akamfuta tope usoni kwa shati la shule, ndipo akaenda kuwaita watu. Bibi akabaki na mtoto wa kusomesha na kahawa ambayo mwaka huo hakuna aliyeitaka. Akachukua sufuria, akaanza kupika. Kwa hiyo kitu kilichomuua Babu ndicho kilichomfanya Baba awe mwalimu, na sidhani kama Baba alipata siku hata moja ya kuyatenganisha hayo mawili kichwani mwake.

Jumamosi moja nilikuwa naosha vyombo nje ya jiko, nikashangaa kumwona Baba anavuka migomba mpaka mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umefika mpaka jikoni! Karibu ukae."

Hakukaa. Alisema baraza la wazee limekutana na mchungaji. Vijana wa kijiji walikuwa wanaharibika kwa pombe, wawili walikuwa wamezikwa mwaka uleule, na wazee walikuwa wameamua: Mkristo yeyote wa pale anayepika au kuuza pombe aache, la sivyo atachukuliwa hatua.

"Mimi siwauzii vijana," Bibi alisema.

"Najua, Mama. Lakini kanisa haliwezi kusema huyu anauzia wazee na huyu anauzia vijana."

"Na Bwana Yesu kule Kana aliwatengenezea nini? Chai?"

"Kule Kana hakuuza."

Bibi akaweka mwiko chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona anauweka chini kabla ndizi hazijaiva. "Na mimi nisingeuza," alisema polepole, "wewe leo ungekuwa umesimama hapo na hiyo kalamu mfukoni?"

"Mama, wewe uliosha maiti ya Baba. Mimi nilimtoa kwenye maji."

"Baba yako aliuawa na kutojua kusema basi."

"Basi sema wewe, Mama," Baba alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Sema basi. Mimi nitakulisha."

Bibi alimjibu kwamba hajawahi kulishwa na mtu tangu ang'oke meno ya utoto, akaokota mwiko. Baba akaondoka. Nyuki mmoja alikuwa ametua begani mwake na hakujisumbua hata kumfukuza. Nilifurahi kuona hofu imemwisha.

Haukupita muda, Jumapili moja baada ya mahubiri, Baba alisimama mbele kusoma matangazo, kwa sababu zamu ilikuwa yake. Wenzake walitaka kumpokea zamu ile, Mama aliniambia baadaye, akakataa. Alisoma habari za kwaya, za michango ya bati, kisha akasoma majina matatu, la mwisho likiwa jina kamili la Bibi, la ubatizo na la ukoo. Alisoma kwamba hao wametengwa na Chakula cha Bwana mpaka watakapotubu.

Sasa, nyumbani kwetu neno kutenga lilikuwa na maana moja tu. Baba alipochelewa shuleni, Mama alimtengea chakula: kipande kizuri cha nyama, ndizi ambazo hazijavunjika, sahani imefunikwa na sahani nyingine, na ole wetu tukiigusa. Aliyetengewa chakula ndiye mkubwa. Kwa hiyo nilisikia kwamba kanisa limemtengea Bibi yangu Chakula cha Bwana, na kwamba katika watu wote wale, wazee na mabibi waliojaa mabenchi, ni watatu tu waliopewa heshima hiyo. Nilimgeukia Bibi nimpe pongezi. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya kitabu cha nyimbo, macho kwa Baba. Nikajua anajivunia mwanawe. Jumatatu niliwatangazia wenzangu shuleni, wengine wakacheka, na wengine hawakucheka kwa sababu nao hawakuelewa, kama mimi.

Jumapili ya Chakula cha Bwana ilipofika nilikuwa na hamu kuliko Krismasi. Mbele, juu ya altare, kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichotariziwa msalaba. Nikajua ndicho chenyewe. Watu wakaanza kuinuka benchi kwa benchi. Kazi ya Baba siku hizo ilikuwa kusimama kwenye njia ya katikati na kuwaonyesha watu kwa mkono, benchi hili sasa, benchi hili lisubiri, ili wasisongamane mbele. Akafika kwetu. Wanawake wote wa benchi letu wakainuka. Bibi hakuinuka. Walilazimika kupita mbele ya magoti yake, mmojammoja, wakisema samahani.

"Bibi, inuka," nikamnong'oneza. "Chakula chako kile pale, wamekifunika."

Alinishika mkono akauweka mapajani pake akaubana. Baba alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwetu, mkono wake umenyooshwa kuelekea mbele, anatazama ukuta.

Nyumbani nilimuuliza Mama kwa nini Bibi hakwenda kula chakula alichotengewa. Mama alikuwa anapepeta mchele, akaacha. Akanieleza. Nakumbuka nilivyosimama pale na kulitafuta lile neno upya kutoka mwanzo, na kila mahali nilipolishika lilikuwa limebadilika.

Bibi aliendelea kupika, na aliendelea kwenda kanisani. Watu waliona ni ukaidi. Alikuwa na gauni moja la kanisani, la buluu, alilipiga pasi ya mkaa kila Jumamosi jioni kama zamani. Alikaa benchi la nyuma karibu na mlango ili asiwasumbue wanaopita. Baba naye aliendelea kumletea sukari na sabuni kila mwisho wa mwezi, akiita kutoka kwenye ukingo wa migomba, na Bibi alipokea kwa mikono miwili na kumshukuru. Sikuwahi kuwasikia wakigombana tena. Kama wangegombana ingekuwa nafuu.

Halafu tumbo la Bibi likaanza kuvimba na mikono yake kukonda. Alilazwa hospitali, akakaa, kisha daktari akamwita Baba pembeni akamwambia ni bora mama arudi nyumbani awe na watu wake. Tukamwekea kitanda karibu na dirisha, aone migomba. Jiko likapoa. Wanywaji wake walikuja kumwona wakiwa wamevua kofia, wakisimama mlangoni kama watoto walioitwa na mwalimu mkuu.

Ni Bibi mwenyewe aliyeomba mchungaji. Alitaka ale Chakula cha Bwana. Mchungaji wetu wa wakati huo alikuwa kijana, hajamaliza mwaka kwetu, akapanda mlima kwa miguu na kibegi chake kidogo cheusi. Ilikuwa alasiri. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani miguuni kwa Bibi kwa sababu alisema namtia joto. Mama alikuwa pembeni na mdogo wangu mgongoni. Baba alisimama dirishani.

Mchungaji akatandika kitambaa juu ya kigoda, akatoa kikombe kidogo cha fedha na chupa ya divai. Alipomimina nilisikia harufu yake, na nikashtuka kwamba ni pombe. Akasoma. Kisha akainama karibu na Bibi.

"Mama, unatubu dhambi zako?"

"Natubu," Bibi alisema. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba. "Zote. Ninazozijua na nisizozijua."

Mchungaji akatabasamu, akanyoosha mkono kuchukua mkate.

"Mchungaji, samahani," Baba alisema. "Hajaitaja pombe."

Mkono wa mchungaji ukabaki hewani. "Mwalimu, mama amesema zote."

"Baraza lilisema atubu kwa kuitaja. Wale wengine wawili waliitaja, mbele ya kanisa zima. Mmoja ni mjane kama yeye." Baba alikuwa anaongea kwa shida, kama mtu aliyebeba mzigo mlimani. "Mimi ndiye niliyesimama nikasoma majina. Nikimwachia mama yangu, yule mjane nitamtazama na macho gani?"

Mama alisema, "Baba Neema, jamani." Neema ni mimi.

Bibi alimgeuzia Baba uso. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alimwangalia kama alivyokuwa akiangalia ndizi kujua kama zimeiva.

"Mwanangu," alisema, "nimekupikia maisha yako yote. Madaftari yako yametoka kwenye lile sufuria. Nikisema ilikuwa dhambi, wewe utakuwa nini?"

Mdogo wangu alianza kulia, Mama akatoka naye nje. Bibi akafumba macho. "Fungasha vitu vyako, Mchungaji. Umetembea sana, watakupa chai."

Mchungaji alisema atalizungumza na wazee Jumapili baada ya ibada, lazima njia itapatikana. Aliimimina ile divai kutoka kwenye kikombe na kuirudisha chupani kwa uangalifu mkubwa, tone kwa tone. Baba alimsindikiza mpaka barabarani. Bibi alifariki Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, wakati Baba yuko darasani anafundisha.

Kwa kuwa alikufa akiwa ametengwa, kengele haikupigwa na jeneza halikuingia kanisani. Mchungaji alikuja nyumbani akaomba, akasoma zaburi fupi, akamwaga machozi wazi bila kuyafuta. Kwaya haikuja. Vijana wa kanisa ambao kwa kawaida huchimba kaburi hawakuja pia, labda hawakujua kama wanaruhusiwa. Waliochimba ni wale wanywaji wake, wazee watupu, wakiongozwa na Mzee Lazaro aliyekuwa na kifua kibovu. Walipokezana sepetu kama walivyozoea kupokezana kata. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amelewa siku ile. Walipomaliza, Baba alipita akawapa mkono wote, udongo wao ukabaki mikononi mwake, na Mzee Lazaro akamwambia, "Pole, mwalimu. Mama alikuwa mama yetu."

Nimekuwa mtu mzima na nimezika wengi. Nimeona rafiki yangu akipigwa na mume mlevi mpaka akapoteza jicho, na siku hiyo nilielewa kabisa kwa nini Baba alisimama kule mbele na karatasi ya matangazo. Siwezi kumwita mtu mbaya. Alikuwa mvulana aliyemtoa baba yake kwenye maji ya kifundo cha mguu. Alikuwa pia mwanamume aliyemwambia mchungaji samahani. Ni mtu mmoja huyohuyo. Nimejaribu mara nyingi kumchagua mmoja na kumwacha mwingine, sijaweza.

Niliendelea na masomo ya kipaimara kama watoto wengine. Siku yangu ilipofika nilivaa gauni jeupe, nikakaa benchi la mbele na wenzangu, na Baba, ambaye bado alikuwa mzee wa kanisa, akasimama kwenye njia ya katikati akituonyesha kwa mkono. Benchi letu likainuka. Nikapiga magoti. Mchungaji akaniwekea kikombe mdomoni, na divai ikanichoma koo, kali na tamu. Ilikuwa mara ya kwanza kuonja pombe maishani mwangu. Niliporudi nilikaa nikisubiri kumwona Baba akienda, kwa sababu wazee wa kanisa huenda mwisho kabisa, watu wote wakishamaliza. Wenzake wakaenda. Yeye alibaki amesimama palepale, mkono ameushusha, anatazama sakafu.

Tulipokuwa tunapanda kwenda nyumbani nilimuuliza, "Baba, mbona wewe hukwenda?"

"Bado," alisema.

"Bado nini?"

Akaongeza mwendo, akatangulia mpaka tukafika. Mama aliniambia jikoni nisimuulize tena. Hajaenda tangu tulipomzika Bibi, alisema, na mchungaji alishaongea naye, na wazee walishaongea naye, hakuna anayemzuia.

Sasa Mama ametangulia, na Baba ninaishi naye mjini, Engutoto. Magoti hayamruhusu tena kwenda kanisani, kwa hiyo wa kanisa humletea Chakula cha Bwana nyumbani, yeye na wazee wengine wa mtaa wetu. Mchungaji wa sasa ni mwanamke kijana, mcheshi, hana habari ya haya yote. Mara ya kwanza alipokuja, Baba alimfurahia sana. Waliimba pamoja beti zote, Baba bila kitabu. Alisema ungamo lote kwa sauti, kila neno. Mchungaji akamimina, akakisogeza kikombe karibu na mdomo wa Baba. Baba akainua kiganja chake taratibu.

"Bado, Mchungaji."

Mchungaji akadhani mzee hajamaliza kuomba. Akainamisha kichwa kwa heshima, kikombe mkononi, akasubiri.